Msichana Ambaye Hakunyamaza Tena

(Mazungumzo ya redio. Somo: Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 5, mstari wa 1 hadi wa 14.)

  Karibuni tukae pamoja kwa dakika chache katika Neno la Mungu.

Somo letu la leo ni habari ya Naamani, jemadari wa jeshi la Shamu. Wengi wetu tuliisikia tangu shule ya Jumapili. Alikuwa mtu mkubwa, mwenye farasi na magari na heshima mbele ya mfalme wake, lakini alikuwa na ukoma. Na nyumbani mwake alikuwamo msichana mdogo aliyetekwa vitani kutoka nchi ya Israeli. Msichana huyo hatukuambiwa jina lake. Hakuwa na mali wala cheo, wala hapana aliyemwomba shauri. Lakini alijua jambo moja ambalo wakubwa wa nyumba ile hawakulijua: ya kwamba katika Samaria yuko nabii wa Mungu, na bwana wake angeweza kupona. Akamwambia bibi yake. Bibi akasikia, na habari ikafika kwa Naamani, na kutoka kwa Naamani ikafika kwa mfalme.

Ndugu zetu, tafakarini. Kama msichana yule angalinyamaza, Naamani angalikufa na ukoma wake. Na kama wakubwa wangalimwambia, "Nyamaza, mtoto, wewe wajua nini?" mwisho ungalikuwa ule ule.

Leo twataka kuwaambia habari ya msichana mwingine. Yeye naye hatutamtaja jina, wala shule yake. Ni wa ushirika wetu, na habari yake imetugusa sisi wazee wa kanisa mahali panapouma. Tumekubaliana kuisema hewani bila kujificha, maana huenda katika makanisa yenu yako mambo kama haya.

Msichana huyu alikuwa na rafiki. Walikua pamoja, wakaimba pamoja katika kwaya ya watoto. Mwaka 2016 yule rafiki, akiwa na umri wa miaka 12, aliumwa koo. Mama yake akampa maji ya chumvi asukutue, na baada ya siku chache akawa mzima. Zilipopita kama wiki tatu, goti moja likavimba na kuuma, naye akashikwa na homa. Goti lilipopoa, kifundo cha mguu kikaanza, halafu kiwiko. Watu wakasema ni maumivu ya kukua. Miezi kadhaa ikapita, na mikono yake ikaanza kurukaruka yenyewe. Alidondosha vikombe. Uso ukajikunja bila yeye kutaka. Shuleni akachapwa kwa kuandika ovyo. Nasi kanisani, tulipomwona, tulisema ni pepo.

Tulimwombea. Hilo hatulijutii, maana mtoto mgonjwa lazima aombewe. Lakini tulilolisema juu ya ugonjwa wake halikuwa kweli. Mama yake alimpeleka katika hospitali ya kaunti, na daktari alipomsikiliza kifuani akasema ni homa ya baridi yabisi, na kwamba mlango mmoja wa moyo umeanza kuharibika. Alieleza kwamba hata ile mikono kurukaruka ni sehemu ya ugonjwa huo huo. Daktari mmoja Mwingereza, Thomas Sydenham, aliiandika dalili hiyo tangu mwaka 1686. Haikuwa pepo. Daktari akaagiza mtoto achomwe sindano ya penisilini kila baada ya wiki nne, kwa miaka mingi, asikose hata mara moja.

Baada ya muda mikono ikatulia. Nasi tukatoa ushuhuda kanisani kwamba pepo ametoka.

Mwaka 2018 wasichana hawa wawili waliingia kidato cha kwanza katika shule moja ya bweni. Yule mgonjwa alikuwa na kadi yake ya kliniki, na kila mwezi alikwenda kuchomwa. Sindano ile inauma sana, wala hakuipenda. Likizo ya Agosti ikafika, tukawa na mkutano wa maombi. Mhubiri mgeni akamwita mbele, akamwekea mikono, akamwambia kwamba amepona, na mtu aliyepona hana haja ya sindano, na kuendelea nayo ni kukosa imani. Kusanyiko likapiga makofi. Sisi wazee tulikuwa tumeketi pale mbele. Wako kati yetu waliokuwa na mashaka mioyoni mwao. Lakini hapana hata mmoja aliyesimama baadaye kumwambia mtoto yule, "Binti yetu, shukuru Mungu, na kliniki uende."

Akaiacha sindano. Rafiki yake alijua, maana alimwonyesha kadi aliyoificha chini ya sanduku, akamwapisha asimwambie mama wala matroni.

Mapema mwaka 2019 koo likamwuma tena, humo bwenini. Baadaye akaanza kukosa pumzi akipanda ngazi. Miguu ikavimba. Usiku hakuweza kulala chali. Alilala ameketi, ameegemea mto na blanketi lililokunjwa. Rafiki yake alilala kitanda cha pili, akamsikia akikohoa mpaka alfajiri. Lakini alikuwa ameapa, basi akanyamaza. Alipofikishwa hospitalini moyo ulikuwa umechoka kabisa. Tulimzika mwezi wa Aprili mwaka ule. Alikuwa na miaka 15.

Wapenzi wasikilizaji, siku ile kaburini tulihubiri kwamba Bwana alitoa na Bwana ametwaa. Hapana aliyetupinga. Lakini msichana mmoja alisimama nyuma ya umati akijua kwamba habari haikuishia hapo.

Muhula wa pili ulipofunguliwa, msichana huyo alikwenda kwa mwalimu wake wa bayolojia, akamwuliza: koo laweza kuuaje moyo? Mwalimu hakumpuuza. Alimsaidia kusoma, kisha akamtuma kwa muuguzi wa kituo cha afya ahakikishe kila neno kabla ya kulisema mbele ya watu. Na hili ndilo alilojifunza. Wazazi, sikilizeni vizuri hapa.

Viko vijidudu vinavyoshika koo la mtoto, hasa mtoto wa miaka 5 hadi 15. Huambukizana kwa urahisi mahali watoto wanapobanana, kama katika mabweni na nyumba ndogo zenye watu wengi. Mwili hujenga askari wa kupigana na vijidudu hivyo. Lakini kwa watoto wengine askari hao hukosea adui. Wiki mbili tatu baada ya koo kupona, hushambulia viungo, na hushambulia moyo. Viungo hupona. Moyo waweza usipone. Moyo una vyumba vinne, na milango minne midogo inayofunguka na kufunga ili damu isirudi nyuma. Milango hiyo ikipata kovu, haifungi vizuri, au haifunguki vizuri, na moyo hufanya kazi maradufu mpaka uchoke. Na kila mara koo linapoambukizwa upya, madhara huongezeka. Ndiyo sababu ya sindano ya kila mwezi: haiondoi kovu lililokwisha kuwako, bali huzuia vijidudu visirudi kuongeza jingine.

Watu zaidi ya milioni 40 ulimwenguni wanaishi na ugonjwa huu, na kila mwaka zaidi ya 300,000 hufa. Zamani ulikuwa mwingi Uingereza na Marekani vilevile. Huko umepungua sana kwa sababu watu walipata nyumba bora na penisilini, dawa ambayo Alexander Fleming aliigundua mjini London mwaka 1928. Kwetu Afrika ungali unachukua watoto. Mwezi wa Mei 2018 mataifa yaliyokutana Geneva katika mkutano mkuu wa Shirika la Afya Duniani yalipitisha azimio la kupambana nao.

Basi msichana huyu alichora moyo kwenye karatasi ya manila, na vyumba vyake vinne na milango yake minne, akaenda nao kwenye mkutano wa Ijumaa jioni wa wanafunzi Wakristo. Wengine walicheka. Mmoja akauliza kama mlango wa moyo una kitasa. Alingoja wanyamaze, kisha akawaambia jinsi rafiki yake alivyolala ameketi, na jinsi yeye alivyosikia asimwambie mtu. Tunaambiwa hapana aliyecheka tena.

Kabla ya hapo mwanafunzi wa shule ile akilalamika koo huonekana mvivu anayetafuta ruhusa. Msichana alimwendea matroni, kisha yeye na matroni na mwalimu wakamwendea mkuu wa shule. Ikakubaliwa kwamba mwanafunzi yeyote mwenye koo linalouma pamoja na homa apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo, wala asisubiri likizo. Michoro yake ikabandikwa katika mabweni yote. Yeye na wenzake wawili wakapewa ruhusa ya kwenda shule ya msingi iliyo jirani wakawafundishe wadogo zao. Na wanafunzi wawili waliokuwa na kadi za kliniki, ambao walikuwa wakizificha kwa aibu, wakazitoa.

Halafu alikuja kwetu. Kila mwaka tarehe 29 Septemba ni Siku ya Moyo Duniani, na mwaka ule wa 2019 iliangukia siku ya Jumapili. Alitujia vestrini akasema, "Bwana asifiwe, wazee wetu. Naomba dakika kumi." Tulitazamana. Sote tulijua atasema nini. Mmoja wetu alisema ratiba imejaa. Mzee mwingine, ambaye ndiye aliyemfundisha katekisimu, akasema, "Kama ratiba imejaa, mimi nitaacha kutoa matangazo yangu." Ndivyo alivyopata nafasi.

Alianza na sisi wakubwa. Alituomba tukapimwe shinikizo la damu, tupunguze chumvi, na wavutao sigara waache. Kisha akaufungua mchoro wake, akaeleza habari ya koo, na ya viungo vinavyovimba kimoja baada ya kingine, na ya mikono inayorukaruka. Hakumtaja mhubiri, wala hakututaja sisi. Alisema hakuja kumlaumu mtu, kwa kuwa yeye mwenyewe alijua akanyamaza. Alikuja tu kusema yale ambayo angaliyasema mapema, rafiki yake huenda angalikuwa amekaa naye katika benchi lile. Akaketi.

Ndugu zetu, hatukupiga makofi. Mchungaji wetu alisimama, akakaa kimya kitambo, kisha akaomba msamaha mbele ya mama wa marehemu, kwa ajili yake na kwa ajili ya wazee. Mama yule alilia, nasi tukalia.

Ibada ilipokwisha, nyanya mmoja alimvuta msichana kando. Mjukuu wake wa darasa la tano alikuwa na goti lililovimba juma lililopita, na sasa ni kifundo cha mguu. Nyanya alikuwa akimkanda kwa maji ya moto. Jumatatu asubuhi walikwenda hospitali, na mmoja wetu akawasindikiza. Ilikuwa homa ya baridi yabisi, na moyo ulikuwa umeguswa kidogo tu. Alianza sindano wiki ile ile. Mpaka leo hajakosa.

Sasa turudi kwa Naamani, maana Neno la Mungu lina mambo mawili zaidi ya kutufundisha.

Jambo la kwanza. Naamani alipofika mlangoni kwa Elisha, nabii hakutoka. Alimtuma mtu amwambie akajitie katika mto Yordani mara saba. Naamani akakasirika. Alikuwa amefikiri nabii atatoka nje, amwite Mungu wake, na kupunga mkono mahali pale palipo na ugonjwa, na mara moja ukoma uondoke. Je, si sisi hao? Twapenda uponyaji wa kupunga mkono mbele ya mkutano. Mungu aweza kuponya hivyo, wala hatumwekei mpaka. Lakini kwa Naamani aliamua kuponya kwa maji ya mto, kwa jambo dogo lililorudiwa mara saba. Na mfalme Hezekia alipougua na kuomba, Mungu aliyesikia maombi yake ndiye ambaye kwa kinywa cha Isaya tini ziliagizwa ziwekwe juu ya jipu. Maombi hayakuzifukuza tini. Basi kwa nini tuifukuze penisilini?

Tena fikirini, kama Naamani angalitoka majini baada ya mara ya sita, ingalikuwaje? Mtoto aliyepewa vidonge vya siku 10, akaviacha siku ya tatu kwa kuwa koo limeacha kuuma, ametoka majini kabla ya mara ya saba. Na huyu aliyeagizwa sindano ya kila wiki nne, mto wake ni mrefu zaidi. Mara nyingi ni miaka 10 au zaidi, mpaka awe mtu mzima. Huo si upungufu wa imani. Kuingia tena majini mwezi baada ya mwezi, na huku sindano inauma, hiyo ndiyo imani yenyewe.

Jambo la pili. Naamani aliokolewa na wadogo mara mbili. Mara ya kwanza ni yule msichana. Mara ya pili, alipokuwa amegeuka kurudi kwao kwa hasira, watumishi wake ndio waliomsihi kwa upole akubali jambo lile rahisi. Mkubwa huyu alikuwa na sifa moja njema: hatimaye alisikia. Sisi wazazi, walimu, wazee na wachungaji tunaomba kila siku Mungu aseme nasi. Huenda amekwisha kusema, kwa sauti ya mwanafunzi wa kidato cha pili mwenye karatasi ya manila.

Basi twawaomba mfanye mambo haya, kila mtu mahali pake.

Mzazi, mtoto akiumwa koo ghafla, ana homa, na tezi za shingo zimevimba, mpeleke kituo cha afya. Koo linalokuja na mafua na kikohozi mara nyingi ni jambo jingine, lakini mhudumu wa afya ndiye atakayepambanua. Usinunue vidonge dukani kwa kukisia, wala usimpe mtoto masalio ya dawa ya ndugu yake. Viungo vikivimba kwa zamu, au mikono ikirukaruka, au mtoto akikosa pumzi, usingoje kesho. Na binti mwenye ugonjwa huu akiolewa, amwone daktari kabla ya kupata mimba, maana moyo ulioharibika hulemewa sana wakati huo.

Mwalimu, mtoto anayedondosha kalamu usimchape kabla ya kuuliza.

Kijana, kama rafiki yako amekuapisha usiseme, naye unamwona anazama, sema. Kiapo cha namna hiyo hakimpendezi Mungu.

Nawe mhubiri, omba kwa bidii, weka mikono, lia mbele za Bwana. Lakini usimwambie mgonjwa aache dawa aliyopewa na daktari. Akipona kweli, daktari atakayempima ataona, na sifa zitamrudia Mungu maradufu.

Kwa wale ambao milango ya moyo imekwisha kuharibika, tumaini lipo. Hapa Kenya wako wapasuaji wanaotengeneza au kubadilisha milango hiyo. Hospitali ya Tenwek kule Bomet, iliyoanzishwa na wamisionari mwaka 1937, ni mojawapo ya mahali kazi hiyo inapofanyika. Lakini upasuaji ni mzigo mkubwa, na wengi wanaowekewa mlango wa chuma hunywa dawa ya kuzuia damu isigande maisha yao yote. Koo lililotibiwa mapema ni rahisi zaidi.

Katika ushirika wetu sasa liko daftari dogo. Ndani yake yameandikwa majina ya watoto wenye kadi za sindano, kwa ruhusa ya wazazi wao, pamoja na tarehe zao. Mama mmoja wa chama cha akina mama hulitunza. Tarehe ikikaribia humpitia mzazi kimya kimya, na kama hana nauli, kanisa humpa. Halikutugharimu mengi. Jina la kwanza ni la yule mjukuu. Juu ya ukurasa wa kwanza tuliacha mstari mmoja mtupu, nasi tunajua ni wa nani.

Na tuombe.

Ee Baba yetu wa mbinguni, uliyeumba koo na moyo, tusamehe tuliposema bila kujua, na tuliponyamaza tukijua. Uwakumbuke watoto wanaolala usiku wameketi. Wape mama zao nguvu za kwenda kliniki tena na tena. Ibariki mikono ya waganga na wauguzi. Uwape vijana wetu kinywa, nasi wazee utupe masikio. Twaomba hayo katika jina la Yesu Kristo, Bwana wetu. Amina.

Wapenzi wasikilizaji, Mungu awabariki na kuwalinda mpaka tutakapokutana tena. Kwaherini.